Mkebe wa Shimo la Tisa

Jumatatu iliyopita nilirudisha ufunguo wa banda la vifaa, nikamkabidhi reki yangu kijana mwenye viganja laini, nikatoka langoni bila kugeuka. Kesho yake asubuhi nilirudi kumuuliza kama alikumbuka kufunika pipa la oili. Hakukumbuka. Kwa hiyo ninyi mnaoshika kazi ya kiwanja cha gofu cha Kisii baada yangu, nimeona niwaandikie machache kabla sijarudi kwetu ziwani, maana naona ya mdomo yanaingia sikio moja na kutokea lingine.

Habari za mshahara sitaziandika. Mnaujua, na kuusoma hakutauongeza. Cheo nacho nilikipata kimoja, na kilikuja na kofia. Kofia ilinyeshewa mwezi uleule ikawa bakuli la kuku. Nitaandika juu ya mchanga, oili, mkebe, na watu wawili ambao bila wao ninyi msingekuwa na Jumatatu.

Nilikuja Kisii katika miaka ya thelathini kutafuta kazi ya ukarani. Nilikuwa na viatu, na barua ya mchungaji iliyosema mimi ni mwaminifu. Nafasi za ukarani zilikuwa zimejaa watu waaminifu. Mtu mmoja akanielekeza kwenye kiwanja cha Wazungu juu ya mji, akasema huko wanataka mtu wa kukata nyasi. Nikafika nikamkuta nyapara, Mzee Ondieki, mtu wa Kebirigo, mfupi, mnene wa mabega, amevaa kaptula ya kaki iliyofuliwa mpaka imekuwa nyeupe. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Wewe ni Omogere?" aliniuliza. Ndivyo Wagusii wanavyotuita sisi Wajaluo.

"Ndiyo, Mzee. Naitwa Zakayo."

"Sawa, Omogere. Vua hiyo viatu. Hapa mvua inanyesha kila siku saa nane, na hiyo viatu itakufa kabla ya wewe."

Tangu siku hiyo jina langu la ubatizo lilibaki kanisani. Kiwanjani nilikuwa Omogere, na ninastaafu nikiwa Omogere.

Siku ile ya kwanza alinifundisha brauni. Ninyi mmezikuta zipo, mnadhani ziliumbwa pamoja na kilima. Viwanja vya matajiri vina majani laini ya kusukumia mpira kuelekea shimoni. Sisi tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya motokaa. Oili ikizidi, mpira unanata. Ikipungua, mvua ya saa nane inaupeleka mchanga wote mtoni. Ondieki alikuwa akichota konzi moja, anaikaza kiganjani, anaifungua. Ikikaa umbo la vidole, inafaa. Ikimwagika, ongeza. Ikiacha mafuta kwenye mstari wa kiganja, umeharibu, nenda ukalete mchanga mwingine. Na shimoni lazima kuwe na mkebe, tena wa bati nzito, kwa sababu mchezaji anataka kusikia mpira ukiingia. "Mtu hachezi kwa macho peke yake," aliniambia. "Anacheza pia kwa masikio." Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Ondieki mwenyewe alikuwa mchezaji. Alijifundisha kwa fimbo ya chuma iliyotupwa na Mzungu mmoja mwenye hasira, mpini wake umevunjika, yeye akaitia mpini wa mti wa shambani kwake. Aliupiga mpira kama mtu anayekata kuni: hakuna madaha, hakuna kuzungusha kiuno, mpira unaenda tu. Makedi, yaani vijana wanaowabebea wachezaji mifuko, walimwiga, na mimi nikamwiga, na kabla sijajua ugonjwa wenyewe unaitwaje nilikuwa nimeshaupata.

Lakini tungecheza lini? Kiwanja kilikuwa cha wanachama, na mwanachama mweusi hakuwepo. Baada ya vita alikuja Katibu mpya wa klabu, mwanajeshi wa zamani aliyechechemea, mkali lakini si mbaya. Jumatatu kiwanja kilifungwa kwa matengenezo. Ondieki akamwendea akamwambia kwamba njia nzuri ya kujua kama brauni zimetengenezwa vizuri ni mtu kuzicheza. Katibu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Haya. Jumatatu nyinyi najaribu." Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyokuwa yetu. Asubuhi tulilima, mchana tulijaribu. Sikumbuki mahali popote pengine katika nchi hii ambapo mtu wa kazi wakati ule alisimama kwenye nyasi alizokata mwenyewe, akapumua, akazitumia.

Haikupita miaka mingi, viwanja vya upande wetu wa nchi vikaanzisha shindano la timu za wafanyakazi na makedi. Kila kiwanja kilituma jozi tatu kukiwakilisha. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila jozi iwe na mtu mzima mmoja na kijana mmoja, wapige mpira mmoja kwa zamu, huyu akipiga, yule anapiga unaofuata, mpaka uingie shimoni. La pili, wote wawe wachezaji wa ridhaa. Hapo wakubwa walijadiliana sana kama kedi anayelipwa kwa kubeba mfuko ni wa ridhaa au siyo, wakaamua analipwa kwa kubeba, kucheza anacheza bure. Ninyi mliowahi kubeba mfuko wa meneja wa benki kwenye kile kilima cha shimo la nne mtakubali kwamba hakuna aliyefanya hivyo kwa ridhaa. Zawadi ilikuwa bakuli la jiwe laini lililochongwa kijiji cha Tabaka, hapahapa Kisii. Kwa aibu yetu, bakuli hilo la kwetu lilikaa kwa watu wengine mwaka baada ya mwaka, hasa kwa timu ya mashamba ya chai, ambao walikuwa wazuri kweli, sitawasema vibaya.

Kisha akatokea Nyakundi. Huyu alikuwa kedi kutoka Manga, kijana mrefu, mkimya, mwenye mkono mwepesi. Kwenye brauni sijaona mfano wake. Ondieki alimchukua, akamkaza, akamgombeza, akamfanya mwenzake katika jozi. Mmoja alikuwa na nguvu za kuutoa mpira popote, mwingine alikuwa na mkono wa kuulaza shimoni. Walitaniana kutwa nzima. Nyakundi akiupiga mpira vichakani, Ondieki anamwambia, "Kijana, mama yako alikutuma huku kuchuma mboga?" Na Ondieki akikosa, Nyakundi anamwuliza kama amletee kiti. Tukaanza kushinda michezo, ingawa bakuli lenyewe bado lilitukwepa. Mwaka tuliopewa kuwa wenyeji wa shindano, watu wa Kisii mjini, Marani, hata Nyamira walianza kuulizana sokoni gofu ni nini.

Mwaka huohuo kamati ya klabu ilitaka kutunyang'anya Jumatatu. Wanachama wengine walisema tunaharibu kiwanja, wengine walisema tu kwamba haifai. Katibu alituita mbele ya banda la vifaa, akaegemea fimbo yake.

"Mimi nachoka kugombana na komiti," alisema. "Nyinyi naleta bakuli, mimi naweka mezani kwao, mimi nasema: hawa ni timu ya klabu, timu lazima nafanya mazoezi. Hakuna bakuli, hakuna maneno. Jumatatu kwisha."

Aliondoka akichechemea. Ondieki aliokota konzi ya mchanga, akaikaza, akaifungua, kama vile jibu lilikuwa mkononi mwake. Niliogopa siku ile. Nilikuwa na mke, watoto, na shamba la kunitosha, lakini nikijiuliza ni saa ngapi za wiki nilikuwa mtu kamili bila bwana juu yangu, nilizikuta zote ziko Jumatatu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyotuharibikia. Wiki chache kabla ya shindano, Ondieki alifika kazini na uso wa mtu aliyelala kwenye miba. Aliniita pembeni.

"Omogere, kumekuja watu nyumbani kutoka Manga. Wanamtaka Kerubo."

Kerubo alikuwa binti yake, mwalimu wa shule ya misheni. Nikampongeza.

"Ngoja kwanza uulize ni watu wa nani."

Walikuwa watu wa Nyakundi. Yule mkimya alikuwa mkimya kwetu tu. Kumbe alipokuwa akipeleka salamu za Jumapili nyumbani kwa nyapara wake, salamu zilikuwa zinachukua mchana mzima.

Kwa wasiojua mila za Wagusii, nieleze kidogo. Wana heshima zao wanazoziita chinsoni, na kati ya wakwe heshima hizo ni kali. Mtu na baba mkwe wake hawataniani. Hawagombezani, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Zaidi ya yote, mmoja hauoni mwili wa mwenzake usiostirika. Kwetu ziwani nako mkwe anaheshimiwa, lakini sisi hatukuwa na jozi ya gofu iliyotegemea mkwe kumwambia mkwe mwenzake kwamba amepiga kama kipofu. Siku Ondieki alipokubali ng'ombe, alikubali pia kutomtania Nyakundi maisha yake yote. Na kijana mwingine wa kiwango kile hatukuwa naye.

Nilifanya ambalo mgeni peke yake angelithubutu. Nilimwendea Kerubo shuleni, nikamwomba harusi isogezwe mpaka baada ya shindano. Alinisikiliza huku akikusanya madaftari ya watoto.

"Baba Atieno," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu, "ng'ombe wameshatoka Manga. Unataka wasimame njiani wangoje mpira?"

"Ni Jumatatu yetu, mwanangu. Tukikosa bakuli, baba yako na mumeo hawatagusa fimbo tena."

Naona hakuwa ameambiwa hilo. Kisha akaweka madaftari chini.

"Si mnasema mmoja anapiga, halafu mwingine anapiga pale ulipoangukia? Basi baba akipiga, mume wangu awe ameshatangulia huko mbele. Akipiga yeye, baba awe ameshapita. Kwani lazima wasimame pamoja? Mama yangu na mume wangu watakaa miaka bila kuangaliana usoni na nyumba itaenda. Ninyi wanaume mtashindwa na mpira?"

Nilirudi mjini nikicheka peke yangu barabarani. Harusi ikafanyika, nikala nyama, na Jumatatu iliyofuata tukaanza mazoezi mapya. Ondieki aliweka masharti yake. Fimbo ilazwe kwenye nyasi, mwenzake aiokote. Hakuna kusemezana, neno lipite kwa Omogere. Na yeye hataingia tena kiwanjani kwa kaptula mbele ya mkwe wake. Alikwenda kwa Bwana Mulji, mwenye duka la vitambaa, na fundi wa barazani akamshonea suruali ndefu. Fundi alisikia ni kwa ajili ya siku kubwa, akamshonea ya kanisani, nyembamba miguuni, yenye mkunjo mbele. Ondieki aliivaa akatembea kama korongo. Hakuna aliyecheka karibu.

Mimi nilibeba mfuko wao na maneno yao. Maneno yalikuwa kazi zaidi. Ondieki alikuwa akiangalia mpira uliolala ovyo, mishipa ya shingo imemtoka, anataka kutukana kama zamani, halafu anameza mate na kuniambia, "Omogere, mwambie huyo kijana wa watu kwamba mkono wa kushoto umelegea kidogo. Mwambie kwa heshima." Nakimbia. Nyakundi anajibu, "Mwambie mzee nashukuru sana. Mwambie pia upepo unatoka Manga." Narudi. Baada ya siku kadhaa nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Walikuwa wanacheza vizuri kuliko mwanzo. Zamani walipoteza nusu ya akili zao kwenye utani na lawama. Sasa kila mmoja alikuwa anaupokea mpira jinsi ulivyo, bila kinyongo, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kuwa nacho. Kila pigo likawa kama zawadi ya kupelekwa ukweni, na hakuna anayepeleka ukweni kitu kibovu.

Siku yenyewe ikafika. Walikuja watu sijapata kuwaona kiwanjani: wenye maduka, walimu, akina mama wa sokoni na vikapu vyao, na ukoo mzima wa Nyakundi kutoka Manga, waliovaa kama wanakwenda kuposa tena. Timu za viwanja vingine zilitolewa mapema, tukabaki sisi na watu wa chai. Nahodha wao, Kiprono, mtu wa heshima na mpiga mpira hodari, alimwuliza Katibu kama mwanamume aliyeoa bado anahesabiwa kijana. Katibu akasema kitabu kinahesabu miaka, wake hakihesabu. Kiprono akacheka, mchezo ukaanza.

Jozi yetu ya kwanza ilishinda. Ya pili ilifungwa, tena vibaya. Ikabaki ya Ondieki na Nyakundi dhidi ya Kiprono na kijana wake, na hao walifukuzana shimo kwa shimo mpaka wakafika la tisa, la mwisho, wakiwa sawa kabisa. Saa nane ilikuwa imeshapita na mvua yake. Mnalijua shimo la tisa. Unapiga kutoka juu, mpira unashuka, halafu lazima uvuke kijito na tope lake ndipo upande kwenye brauni iliyo chini ya baraza la klabu. Mvua ikinyesha, kijito kile kinakuwa uji.

Ondieki alianza, akaupiga mpira mzuri, ulionyooka. Nyakundi alikuwa mbele akiungoja. Alisimama, akapumua, akapiga, na mguu wake wa nyuma ukateleza. Mpira ukapaa, ukachoka, ukaangukia kijitoni. Watu waliguna wote kwa pamoja. Nilikimbia nikaukuta umekaa juu ya tope, nusu yake nje, ng'ambo ya mahali ambapo mtu angeweza kusimama pakavu. Kiprono na kijana wake walikuwa wamecheza salama. Pigo lao la tatu liliwapandisha kwenye brauni.

Ondieki alifika akauangalia mpira. Nyakundi alikuwa amesimama mbali, kichwa chini, na hata kuomba radhi hakuruhusiwa ila kupitia kwangu. Hakunituma. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Tuutoe, Mzee," nilisema kwa sauti ndogo. "Tuongezewe pigo moja, tuuweke pakavu."

"Tukiutoa tunashinda?"

"Tukiutoa tunamwomba Mungu."

Alishuka ukingoni, akajaribu kupanua miguu. Mshono wa suruali ukalia. Alijaribu kukunja miguu ya suruali, ikagoma kwenye vigimbi. Tope lile lilikuwa la mapajani, na ndani ya suruali ya fundi wa Bwana Mulji mtu angeweza kusali, kupiga gofu asingeweza. Akanyooka. Aliangalia juu kwenye baraza, akawaangalia wakwe zake wote wa Manga, wanaume kwa wanawake, waliojipanga ukingoni. Nikaona anafikiria nini, na nikaogopa.

"Omogere," alisema polepole, "nenda uwaambie wakwe zangu kwamba nawaomba wageuke."

Nilipanda ukingo. Kwa Kiswahili changu na kwa Kigusii changu kibovu niliwaambia kwamba Mzee Ondieki anawaheshimu sana, na kwamba anataka kuingia kijitoni bila suruali. Kisha mzee wa ukoo wa Nyakundi, baba yake mdogo, akasema, "Mbuya mono," yaani vema sana, akageuka akaukabili mlima wa Manga. Nyakundi akageuka. Ukoo mzima ukageuka. Watu wa Marani na wa Nyamira ambao hawakuhusika kwa ndoa yoyote nao waligeuka, maana nani alitaka kuwa wa mwisho kutazama? Pale barazani mke wa Katibu alizungusha kiti chake. Nilibaki mimi, Katibu, na wale wa timu ya chai.

"Wewe hugeuki?" nilimwuliza Kiprono.

"Mimi si mkwe wake," alijibu. "Mimi nataka kuona."

Ondieki alivua suruali, akaikunja kwa kufuata mkunjo wake, akailaza kwenye jiwe. Akaingia matopeni na shati lake refu na ile fimbo ya chuma yenye mpini wa mti wa shambani. Alizama mpaka mapajani. Akatulia. Kisha akapiga kama mtu anayekata kuni, tope likaruka mpaka kifuani kwangu, na katikati ya tope lile nikauona mpira, mweupe, unapanda. Ulipita juu ya ukingo, juu ya migongo ya watu wale wote waliokuwa wakitazama Manga, ukatua kwenye brauni, na mchanga wetu ukaupokea ukausimamisha palepale, hatua chache kutoka shimoni. Kiprono alivua kofia. Katibu alisema neno ambalo sitaliandika.

Hakuna mwingine aliyeliona pigo lile.

"Iko wapi?" Ondieki aliniuliza kutoka matopeni. Ukingo ulimziba.

"Iko juu, Mzee. Iko karibu."

"Basi mwambie mkwe wangu amalize. Mimi niko hapa naoga. Wasigeuke."

Nilimwendea Nyakundi nikamshika bega, mimi nilikuwa na ruhusa. Alikwenda kwenye brauni macho yakiwa chini, asije akakiona kijito. Wa mbali zaidi alikuwa kijana wa Kiprono, akapiga kwanza. Kwao mpira unasukumwa kwenye majani; kwenye mchanga wetu uliolowa mpira wake ulianza vizuri, ukapungua, ukasimama kando ya shimo. Watu walikuwa wametega masikio, migongo yote haijasogea. Mkebe haukulia.

Nyakundi alikokota gunia juu ya mchanga kulainisha njia, kama Ondieki alivyotufundisha sote, akalisogeza kando. Aliulenga mpira. Nilitamani nigeuke na mimi. Akausukuma.

Mkebe ukalia.

Nimesikia kengele za kanisa, na nimesikia mwanangu wa kwanza akilia alipozaliwa. Sitalinganisha. Ile bati ililia, na watu wote wale, bila kuona chochote, wakapiga kelele kwa pamoja, wakashangilia wakiutazama mlima. Akina mama walipiga vigelegele, vikapu vikaruka. Baba mdogo wa Nyakundi alicheza ngoma akiwa amewapa washindi mgongo. Na chini kijitoni, ambako hakuona kitu ila ukingo na mbingu, nilisikia sauti ya Ondieki ikicheka, kicheko kirefu cha zamani, cha kabla ya harusi.

Katibu aliliweka bakuli mezani kwa kamati kama alivyoahidi. Sikuwepo, lakini mpishi alikuwepo, na alituambia kwamba Katibu alisema maneno machache tu. Jumatatu ikabaki yetu. Bado ni yetu, na vijana mnaowaona siku hiyo wakifundishwa kushika fimbo, wakiwemo wawili wanaomwita Ondieki babu, hawajui kama kuna wakati ilikuwa iondoke.

Ijumaa iliyopita waliniandalia chai ya kuniaga. Ondieki alikuja, mzee sasa, akaketi mwisho mmoja wa banda kwa suruali ileile, iliyoachiliwa mishono. Nyakundi, ambaye ndiye nyapara wenu, aliketi mwisho mwingine. Kerubo alimimina chai katikati. Kila mmoja wao kwa miaka hii yote amekuwa akinijia peke yake na swali lilelile, na nilijua litakuja. Ondieki aliniashiria nisogee. "Omogere, unaondoka. Niambie tena. Huyu kijana aliusukumaje?" Sijafika hata katikati ya jibu, Nyakundi naye ananiita. "Baba Atieno, kabla hujaenda. Mzee aliutoaje?"

Safari hii sikwenda kwa yeyote. Nilisimama katikati ya banda, karibu na birika la chai, nikayasimulia mapigo yote mawili kwa sauti ya kuwafikia wote wawili, tangu tope mpaka mkebe. Ondieki alisikiliza akiangalia mlangoni. Nyakundi alisikiliza akiangalia dirishani. Nilipomaliza hakuna aliyemgeukia mwenzake, na wote wawili walikuwa wanatabasamu.